‘Nitumie paswedi, bosi’: Biashara zinavyopoteza kurasa zao kwa watu zinaowalipa

Makubaliano mengi ya kutangaza biashara mtandaoni hapa Dar es Salaam hayaanzi kwa mkataba. Yanaanza kwa meseji ya WhatsApp: “Bosi, nitumie paswedi ya Insta niweke mambo sawa.” Bosi, ambaye muda huo anahesabu marobota yaliyoshuka au anabishana na dereva wa Kirikuu, anaandika jina la mtoto wake wa kwanza na mwaka aliozaliwa, anatuma. Punde inaingia meseji ya pili: “Kuna namba imekuja kwenye simu yako, nisomee.” Anaisoma. Kazi imeanza.

Bosi huyohuyo ukimtumia ile meseji ya kitapeli ya “pesa tuma kwenye namba hii” atakucheka. Miaka yote hii ya pesa za simu imemfundisha kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu. Wakala wa kibandani anamwekea na kumtolea mamilioni bila kuijua, na siku akiiomba, bosi anajua hapo hakuna wakala, kuna mwizi. Lakini ukurasa unaomletea wateja kutoka Mbagala mpaka Mwanza anautoa kwa meseji moja, na hata hakumbuki kuifuta baada ya kutuma.

Tuseme unauza mapazia Kariakoo. Miaka sita iliyopita kijana mchangamfu, mtoto wa jirani au binamu wa mhasibu wako, alikufungulia ukurasa wa Facebook na wa Instagram. Alitumia Gmail yake kwa sababu ya kwako ulikuwa huikumbuki. Aliweka namba yake ya simu ili asikusumbue kila mara namba za uthibitisho zinapoingia. Duka akaliweka kwenye ramani ya Google kwa Gmail ileile. Jina la tovuti akalisajili na kulilipia yeye, nawe ukamrudishia fedha yake mkononi, bila risiti. Katika yote hayo hakuna lililofanywa kwa nia mbaya. Kisha kijana akapata kazi Dodoma, au mkakosana kwa malipo ya miezi miwili, au simu yake ikaibwa kwenye daladala. Siku hiyo ndipo unapogundua kwamba duka linalojulikana mjini kuwa lako, kwa Facebook na Google ni mali ya kijana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na semina nyingi za usalama wa mtandao. Zinamwonyesha mdukuzi aliyejifunika kofia ya sweta, amekaa gizani nchi ya mbali. Wadukuzi wapo, na nitawafikia. Ila kwa biashara ndogo na za kati za kwetu, hatari ya kwanza ni mtu mwema aliyekabidhiwa kila kitu kwa njia mbovu. Kampuni ya masoko inayojua kazi yake haihitaji paswedi yako hata moja katika mitandao mikubwa. Inachohitaji ni ruhusa, na mitandao yenyewe ilishaweka utaratibu wa kuitoa na kuifuta.

Makampuni makubwa ya nje yalishalilipia somo hili. Machi 2011 kampuni ya magari ya Chrysler ya Marekani ilikuwa imeikabidhi akaunti yake ya Twitter kwa kampuni ya masoko iitwayo New Media Strategies. Mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo, akidhani yuko kwenye akaunti yake binafsi, akaandika kwamba watu wa mji wa Detroit hawajui kuendesha magari, na akachomeka tusi. Maneno yakatoka kwa jina la Chrysler, ambayo mwezi mmoja tu kabla ilikuwa imelipia tangazo refu katika Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kuisifu Detroit hiyohiyo. Mfanyakazi akafukuzwa. Chrysler ikatangaza kwamba haitaongeza mkataba na kampuni ile. Hakuna aliyedukuliwa, kulikuwa na mtu mmoja aliyeshika akaunti yake na ya mteja kwa wakati mmoja, asijue ipi ni ipi.

Tarehe 31 Januari 2013 ikaja zamu ya HMV, maduka ya muziki ya Uingereza yaliyokuwa yameelemewa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi. Wafanyakazi kadhaa waliitwa kuambiwa kwamba kazi imekwisha. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na Twitter ya kampuni mkononi, basi akaanza kuwasimulia wafuasi tukio zima palepale, watu wakiwa bado chumbani. Katika moja ya jumbe hizo, dunia ikapata habari kwamba mkurugenzi wa masoko alikuwa anauliza Twitter inafungwaje. Nimewahi kuona watu wakicheka sana kisa hiki, na kweli kinachekesha. Lakini jiulize: wewe leo ukitaka kumtoa mtu kwenye ukurasa wako ndani ya dakika tano, unajua unabonyeza wapi?

Kisa cha tatu kinahusu hesabu. Noah Kravitz alikuwa akiandika na kutangaza vipindi kwa ajili ya tovuti ya simu ya Marekani, PhoneDog, akitumia akaunti ya Twitter yenye jina lake na la kampuni. Alipoondoka Oktoba 2010 aliondoka nayo, akabadilisha jina, na wafuasi 17,000 wakamfuata. Mwaka uliofuata PhoneDog ikamshtaki. Ilidai kila mfuasi ana thamani ya dola 2.50 kwa mwezi. Zidisha kwa wafuasi wote na kwa miezi minane, unapata dola 340,000. Walimalizana wenyewe mwishoni mwa 2012, na akaunti ikabaki kwa Kravitz. Mwenye duka wa Kariakoo asihangaike na kiwango cha dola. Ashike hili: kampuni iliyokuwa na wanasheria na mahakama ya Marekani ilitoka bila akaunti, na hayo ndiyo yanayotokea tangu siku ya kwanza kusipokuwa na karatasi inayosema akaunti ni ya nani.

Barua pepe na laini

Kabla hujaigusa Facebook, shuka chini zaidi. Kila akaunti ya biashara imesimama juu ya vitu viwili: barua pepe iliyoifungua na namba ya simu inayopokea uthibitisho. Anayevishika hivyo anaweza kubadilisha paswedi ya kila kitu kilicho juu yake, hata kama hajawahi kuijua. Ndiyo maana biashara inahitaji barua pepe yake, isiyo ya kijana wala ya mkurugenzi binafsi, na laini yake. Mitandao ya simu inasajili laini kwa jina la kampuni ukifika na nyaraka za usajili. Tangu usajili wa alama za vidole ukamilike mapema 2020, laini ya kijana ni ya kijana, na hakuna duka la huduma kwa wateja litakalokurudishia namba iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, hata ulie. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba hiyo hupewa mteja mpya. Kuna kurasa za biashara ambazo leo namba zake za uthibitisho zinaingia kwenye simu ya mtu asiyejua hata zinahusu nini.

Kuhusu laini, hata wakubwa wameumbuka. Tarehe 9 Januari 2024 akaunti ya X (zamani Twitter) ya SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, ilitangaza kwamba mifuko ya bitcoin imeidhinishwa. Bei ikapanda papo hapo, kisha ikashuka ilipobainika kwamba tangazo ni la uongo. Kilichotokea hakikuwa cha ajabu: mtu aliingia duka la simu jimbo la Alabama na kitambulisho bandia, akapewa laini yenye namba iliyounganishwa na akaunti ile, akapokea namba za kubadilishia paswedi na kuzipeleka kwa wenzake. Alihukumiwa kifungo cha miezi 14 mwaka 2025. Kilichowauma SEC zaidi ni kwamba uthibitisho wa hatua mbili ulikuwa umezimwa tangu Julai 2023, kwa ombi lao wenyewe, kwa sababu ulikuwa unawasumbua kuingia. Ulibaki umezimwa mpaka akaunti ilipovamiwa.

Kwa hiyo hatua mbili ziwashwe, lakini zisitegemee meseji ya simu peke yake. Programu ya uthibitisho, kama Google Authenticator, inazalisha namba ndani ya simu bila kupitia laini, na mwizi wa laini hapati kitu. Google pia inakupa namba kumi za akiba za kutumia simu ikipotea. Zichapishe kwenye karatasi na uziweke panapokaa leseni ya biashara na cheti cha BRELA. Kuzipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ni kazi bure.

Jina la tovuti nalo ni hapohapo. Liwe .co.tz, .co.ke au .com, kwa kawaida katika usajili kuna mahali pa kuandika mmiliki na mahali pa kuandika mtaalamu anayelihudumia. Kampuni ya masoko ikae kwenye nafasi ya mtaalamu. Nimeona mara nyingi mmiliki akiwa ni kampuni iliyojenga tovuti, na mwenye biashara akija kujua siku jina limekwisha muda, barua pepe za ofisi nzima zimekatika, na aliyeandikwa hapokei simu. Kati ya mali zote za mtandaoni, hii ndiyo ningeikagua kwanza, kwa sababu ukurasa wa Instagram unaweza kuanza upya na wateja watakutafuta, lakini barua pepe zilizopotea ni za wateja waliokwisha kukubali bei.

Ruhusa zinavyotolewa

Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ilileta chombo cha kazi hii mwaka 2014 kwa jina la Business Manager. Majina yamebadilika mara kadhaa, na sasa wanakiita Business Portfolio. Mimi nitasema jalada la biashara. Wewe mwenye duka unafungua jalada lako, unaingiza ukurasa wako, akaunti yako ya Instagram, akaunti ya matangazo, na kile kifuatiliaji cha wanaotembelea tovuti yako. Kampuni ya masoko nayo ina jalada lake. Inakupa namba ya jalada hilo, unaiandika sehemu ya washirika, kisha unachagua: mali hii ndiyo, ile hapana, kuweka machapisho ndiyo, kujibu meseji ndiyo, kuendesha matangazo ndiyo, udhibiti kamili hapana. Hakuna paswedi iliyotajwa. Kampuni inawapangia kazi wafanyakazi wake yenyewe, na siku mkiachana unamwondoa mshirika mmoja, nao wote wanatoka, hata wale usiowahi kuwajua kwa majina.

Mtego upo mahali padogo sana. Kampuni ikitaka kuufikia ukurasa wako ina njia mbili: kuomba ruhusa ya kuutumia, au kuomba ukurasa uhamie ndani ya jalada lake. Maombi yote mawili yanakufikia kama taarifa kwenye simu, na mtu mwenye haraka anabonyeza kukubali bila kusoma. Ukurasa unaweza kuwa mali ya jalada moja tu. Ukikubali la pili, umeuhamisha, na kuurudisha kutategemea hisani ya waliouchukua. Akaunti ya matangazo ni kali zaidi, kwani ikishafunguliwa ndani ya jalada haihamishiki tena. Kampuni nyingi hufungua akaunti ya matangazo ndani ya jalada lao “kwa urahisi”, wanalipa kwa kadi yao, wanakutoza kwa ankara. Miaka miwili baadaye ukihama, kila kilichojifunzwa kwa fedha yako kinabaki kwao: tangazo gani lilileta simu, mtaa gani unanunua, saa ngapi watu wanaulizia bei. Unaanza sifuri.

Wapo watakaokuambia ndivyo mfumo wao ulivyo. Wengine wanasema kweli, hawajui njia nyingine. Wengine wanajua vizuri sana kwamba mteja asiye na akaunti hahami. Huna haja ya kubaini yupi ni yupi. Waambie akaunti ya matangazo itakuwa kwenye jalada lako na kadi yako, wao waingie kama washirika, na uweke ukomo wa matumizi ili tangazo lisiendelee kula fedha wewe ukiwa umelala. Kampuni itakayokataa hilo bila sababu ya maana umeshaijua mapema, na hujapoteza kitu.

Kuna desturi moja ya kwetu inayostahili kuachwa kabisa. Kwa kuwa Facebook inataka ukurasa usimamiwe na mtu mwenye profaili, watu hufungua profaili ya mtu asiyekuwepo, “Mapazia Bora Dar”, ndiyo iwe msimamizi, na paswedi yake wanaijua watu watano. Facebook hairuhusu profaili za uongo. Siku ikiitilia shaka itaomba kitambulisho, na NIDA haijawahi kutoa kitambulisho kwa Mapazia Bora. Msimamizi wa pekee anafungiwa, na ukurasa unabaki bila mwenyewe. Dawa ni watu wawili halisi wenye udhibiti kamili, wote wa ndani ya biashara: wewe na mwenzi wako, au wewe na mhasibu unayemwamini. Mmoja hatoshi, maana watu huugua, husafiri na hufa.

Kwa Google mambo ni mepesi kidogo. Duka lako kwenye ramani lina mmiliki mkuu, wamiliki, na mameneja. Meneja anaweza kubadilisha saa za kufungua, kuweka picha na kujibu maoni ya wateja, na hiyo ndiyo nafasi ya kampuni ya masoko. Hana uwezo wa kukufukuza. Hata ukikosea ukampa mtu umiliki, Google inamzuia kwa siku saba za kwanza asiwaondoe wengine wala asijihamishie umiliki mkuu, na ndani ya siku hizo unaweza kurekebisha. Matangazo ya Google yanatumia namba ya akaunti yenye tarakimu kumi. Kampuni inaunganisha akaunti yake ya usimamizi na ya kwako kwa namba hiyo, wewe unakubali mwaliko, na unaukata unapotaka. Kumbukumbu za matangazo zinabaki kwako. YouTube, TikTok na tovuti za WordPress nazo zina ngazi zao za ruhusa. Kwa anayeandika makala tu kwenye tovuti, nafasi ya mhariri inatosha, na sioni kwa nini kila fundi apewe usimamizi mkuu wa tovuti nzima.

Anayevuruga utaratibu huu ni WhatsApp, na bahati mbaya ndiyo tunayouzia. Programu ya WhatsApp Business inakuruhusu kuunganisha vifaa vinne pamoja na simu yako, lakini haina ngazi. Aliyeunganishwa anasoma yote: maagizo ya wateja, madeni, picha za risiti za benki, hata ugomvi wako na msambazaji. Ukimpa kijana wa kampuni ya masoko nafasi ya “kujibu wateja jioni”, umempa hayo yote pia. Kama lazima afanye kazi hiyo, iwe kwenye laini ya mauzo isiyo na mazungumzo mengine, namba ya siri ya hatua mbili uiweke wewe, na orodha ya vifaa vilivyounganishwa uifungue mara kwa mara. Kompyuta usiyoifahamu unaitoa kwa kubonyeza mara moja.

Zipo akaunti ambazo kweli hazina njia zaidi ya paswedi: mfumo wa kutuma meseji nyingi, tovuti ya zamani, programu ya picha. Hapo tumia hifadhi ya paswedi kama Bitwarden au 1Password, unayoweza kumshirikisha mtu paswedi moja na kuiondoa baadaye. Nazo si malaika. LastPass ilivamiwa mwaka 2022, na nakala za hifadhi za wateja zikachukuliwa, paswedi zikiwa zimesimbwa lakini zimechukuliwa. Bado ni bora mara kumi kuliko daftari la kaunta au meseji ya WhatsApp inayokaa miaka kwenye simu ya mtu mwingine. Na kila anayeshirikishwa akiondoka, paswedi ibadilishwe, kwa sababu aliyeiona anaweza kuwa ameinakili.

Mdukuzi naye

Nilisema nitamfikia. Kampuni ya masoko ni windo tamu kwake, kwani mfanyakazi mmoja anaweza kuwa na ruhusa kwenye kurasa za wateja thelathini. Mtindo unaovuma ni ujumbe unaojifanya umetoka Meta: ukurasa wako umekiuka hakimiliki, utafutwa ndani ya saa 24, bofya hapa kukata rufaa. Anayebofya na kujaza amekabidhi paswedi na namba ya uthibitisho kwa pamoja. Mwingine anatumwa faili la “maelezo ya kampeni” na mteja mpya wa uongo, analifungua, na programu iliyojificha humo inaiba alama za kuingilia zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, hivyo mwizi haulizwi hata hatua ya pili. Ukurasa wa benki au wa msanii unaoamka ukiuza sarafu za kidijitali mara nyingi ulipitia njia hizi.

Hapo faida ya ruhusa zenye mipaka inaonekana. Aliyepewa kuweka machapisho tu, akidukuliwa, mdukuzi anaweza kuweka machapisho tu. Ataaibisha, lakini hatamfukuza mwenye mali wala kufikia kadi. Kwa hiyo muulize anayetaka kazi yako: wafanyakazi wangapi watagusa akaunti zangu, wote wamewasha hatua mbili, na mnawaondoaje wanaoacha kazi? Kampuni nzuri itakujibu bila kukunja uso. Nyingine itakuambia “tuamini”. Wewe tafuta wengine.

Niwatendee haki pia. Utaratibu huu unazilinda kampuni za masoko zenyewe. Paswedi ikijulikana na watu sita, kitu kibaya kikichapishwa usiku wa manane, wa kwanza kushutumiwa ni kijana wa mitandao, hata kama aliyechapisha ni mpwa wa bosi. Kila mtu akiingia kwa jina lake, rekodi inaonyesha nani alifanya nini. Vijana wanaofanya kazi hii kwa kujitegemea wangekuwa wa kwanza kuikataa paswedi ya mteja, kwa usalama wao.

Kuna pia taarifa za wateja wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inamtambua anayekusanya taarifa na anayezichakata kwa niaba yake, na inawataka wote wajisajili. Kampuni ya utalii ya Arusha inayoipa kampuni ya masoko orodha ya barua pepe za watalii, au kuiruhusu kusoma meseji zenye picha za pasipoti, bado ndiyo inayowajibika kwa watalii hao. Kenya ilitangulia kwa sheria ya 2019, ambayo inataka mkataba wa maandishi kati ya mwenye taarifa na anayezichakata. Ukitangaza pande zote mbili za mpaka wa Namanga, sheria zote mbili zinakuhusu.

Mkataba wenyewe hauhitaji kuwa mrefu. Useme kurasa, majina, wafuasi, akaunti za matangazo, takwimu na orodha za wateja ni mali ya biashara, na picha na video zilizolipiwa nazo vilevile. Useme nani ataingia wapi na kwa kiwango gani. Useme ruhusa zitaondolewa lini baada ya notisi, na kwamba deni la ada halimpi mtu haki ya kushikilia ukurasa. Kipengele hiki cha mwisho wengi hukiona kigumu kukitamka mezani, siku ambayo watu wanapeana mikono na soda zimefunguliwa. Kitamke. Na wewe ulipe ada kwa wakati, kwa sababu nusu ya kurasa zilizoshikiliwa ninazozisikia zina ankara isiyolipwa nyuma yake.

Siku ya kuachana ina mpangilio wake. Kwanza hakikisha barua pepe kuu na laini viko kwako na paswedi zake ni mpya. Kisha ondoa washirika na watu mmoja mmoja kwenye Meta, Google na kwingineko, toa vifaa kwenye WhatsApp, badilisha paswedi za zile akaunti chache zisizo na ngazi, na pitia orodha ya programu za nje zilizounganishwa na akaunti zako, zile za kupanga machapisho mapema, maana hizo huendelea kuchapisha hata mwenye kuziunganisha akishaondoka. Ukianzia mwisho ukaacha barua pepe kwa baadaye, mtu uliyemtoa mlangoni anarudi kwa “nimesahau paswedi”.

Mwenye hali ile ya duka la mapazia, ambaye kila kitu kiko kwa Gmail ya kijana, asikimbilie polisi wala kumtishia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini mtu aliyefungua akaunti kwa ridhaa yako si mhalifu, na ukimtisha atazima simu. Mpigie, mlipe deni kama lipo, kaa naye mezani na simu zote mbili mhamishe umiliki kimoja baada ya kingine. Akikataa, Google inakuruhusu kuomba umiliki wa duka lako kwenye ramani kwa kuthibitisha kwamba biashara ni yako, na Meta hupokea nyaraka za usajili katika migogoro ya kurasa, ingawa ujiandae kusubiri. Hapo ndipo cheti cha BRELA, TIN na leseni vyenye jina linalolingana na la ukurasa vinapofanya kazi.

Jumatatu, kabla hujalipia tangazo jingine, fungua mipangilio ya kila ukurasa na usome majina ya wote wenye ruhusa. Usiyemjua, mwondoe. Na kama huwezi kufika kwenye orodha hiyo, mpigie aliyekufungulia ukurasa wakati bado mnasalimiana.